Karatasi ya Benki Langoni: Haki za Mpangaji Landilodi Anaposhindwa Kulipa Mkopo

[Muziki wa kufungulia, unashuka polepole]

Tunajua wengi hamkuwahi hewani, karatasi hii mmeipata kanisani, msikitini, kwa kinyozi au kwa jirani.

Swali la leo ni moja, na linatoka mitaa ya Nairobi na viunga vyake ambako wengi wetu tuliotoka Kongo, Burundi, Rwanda na kwingineko tumepanga: Kayole, Githurai, Kasarani, Kitengela. Linasema hivi: "Sisi tunalipa kodi kila mwezi, hatuna deni la mtu. Asubuhi tumeamka tukakuta karatasi imebandikwa langoni, inasema nyumba itapigwa mnada kwa sababu ya mkopo. Je, tuhame?"

Usihame usiku huo. Na kodi yako usimpe mtu yeyote kabla hujaisoma ile karatasi mwanzo hadi mwisho, au hujasomewa na mtu unayemwamini. Mambo haya mawili, kukimbia na kulipa mtu asiye sahihi, ndiyo yanayowapotezea wapangaji fedha nyingi kuliko mnada wenyewe.

Tuchukue mfano wa ploti moja. Ina ghorofa tatu na vyumba 18, kila chumba shilingi 7,500 kwa mwezi, na kila aliyeingia aliweka amana ya mwezi mmoja, ile watu wanaiita dipoziti na ndugu zetu wa Kongo wanaijua kama garanti. Landilodi alijenga kwa mkopo wa benki, akaweka hatimiliki ya kiwanja rehani. Biashara yake nyingine ikayumba. Ameacha kulipa benki, lakini kodi kwa wapangaji anaendelea kuchukua kama kawaida, na hakuna aliyemwambia kitu.

Jumamosi moja karatasi inaonekana. Kufikia jioni familia mbili zimeshapakia mikokoteni, zimeacha dipoziti zao. Familia ya tatu imeamua haitalipa kodi tena, "tukae mpaka dipoziti iishe." Jumatatu anakuja bwana mmoja mwenye mkoba, anasema ametumwa na benki na kodi yote sasa apewe yeye, kwa simu yake. Watu wanne wanalipa. Jumatano landilodi anapiga simu: "Nani amewaambia mmlipe mtu mwingine? Nataka kodi yangu."

Mfano huu tutaufuata hatua kwa hatua.

KARATASI INASEMA NINI

Sheria inayohusika Kenya ni Sheria ya Ardhi ya mwaka 2012. Benki, sako au kampuni ya mikopo iliyoshika ardhi rehani haiwezi kuamka leo na kuiuza kesho. Mkopaji akikosa kulipa kwa mwezi mmoja, mkopeshaji anaweza kumpa notisi ya kwanza, chini ya kifungu cha 90, inayomweleza kiasi anachodaiwa na kumpa muda usiopungua siku 90 wa kulipa. Notisi hiyo ni ya landilodi. Wewe huenda usiione kabisa, na ndiyo maana miezi inapita mkiwa gizani.

Siku hizo zikiisha bila malipo, mkopeshaji ana njia kadhaa za kuchagua. Anaweza kumshtaki mkopaji adai fedha zake. Anaweza kumteua mtu wa kupokea mapato ya nyumba, yaani kodi. Anaweza kuipangisha nyumba, au kuishika mwenyewe. Na anaweza kuiuza. Kwa hiyo karatasi langoni haina maana moja tu, na neno la kwanza la kutafuta ndani yake ni hili: je, ni notisi ya kuuza, au ni notisi ya kukuelekeza wapi ulipe kodi?

Kama ni ya kuuza, soma kifungu cha 96. Hapo ndipo sheria inapomkumbuka mpangaji, na watu wengi hawajui. Mkopeshaji anayetaka kuuza lazima ampe mkopaji notisi ya mauzo, na hawezi kukamilisha mkataba wa kuuza kabla ya siku 40 kupita. Kisha sheria inaorodhesha watu wanaopaswa kupewa nakala ya notisi hiyo. Yumo mume au mke wa mkopaji aliyetoa kibali chake, wamo wadhamini, na wamo pia wapangaji wa ardhi hiyo na wa majengo yaliyo juu yake. Juu ya hayo, notisi inatakiwa ibandikwe mahali pa wazi kwenye ardhi hiyo au karibu nayo iwezekanavyo.

Kwa hiyo ile karatasi langoni si fadhila ya benki. Ni haki yako kuiona. Msimamizi wa ploti akiing'oa kwa kuambiwa na landilodi, na hilo hutokea kwa sababu ya aibu au kwa kuogopa wapangaji wasikimbie, amekunyima kitu ambacho sheria imekupa. Ukiiona, ipige picha mara moja, kurasa zote, na tarehe ionekane. Kama simu yako haina kamera, nakili kwa mkono: jina la mkopeshaji, namba ya hatimiliki, tarehe ya notisi, jina na anwani ya aliyeitia sahihi.

Baada ya zile siku 40 kazi hupewa dalali. Kanuni za madalali zinamtaka naye ampe mwenye mali notisi ya maandishi ya siku zisizopungua 45 ili apate nafasi ya kukomboa mali yake. Muda huo ukiisha ndipo mnada unapopangwa, na hauwezi kufanyika kabla ya siku 14 tangu tangazo la kwanza gazetini. Na hadi mnunuzi apatikane na makubaliano ya kuuza yafikiwe, landilodi bado anaweza kulipa deni lote akaikomboa nyumba. Minada mingi huahirishwa, mingine hufutwa siku yenyewe ya mnada. Sasa fikiria zile familia mbili zilizohama Jumamosi usiku. Waliacha nyumba ambayo hakuna aliyewaambia watoke, na ambayo huenda isiuzwe kamwe.

NANI APEWE KODI

Hapa ndipo penye hatari kubwa, kwa hiyo tutakaa kidogo.

Kama karatasi ni notisi ya mauzo tu, na haisemi chochote kuhusu kodi, basi hakuna kilichobadilika katika malipo yako. Mwenye nyumba bado ni yule yule. Unamlipa kama ulivyokuwa ukimlipa, kwa namba ile ile, na unatunza ushahidi. Notisi ya kuuza peke yake haikupi ruhusa ya kuacha kulipa.

Lakini mkopeshaji anaweza kuteua mpokezi wa mapato, wengine humwita risiva. Kifungu cha 92 kinaruhusu hilo, baada ya kumpa landilodi notisi ya siku 15, na uteuzi wake lazima uwe kwa maandishi. Sheria inamhesabu mpokezi huyu kuwa wakala wa landilodi mwenyewe. Neno hilo ndilo kinga yako: ukimlipa mpokezi aliyeteuliwa kihalali, ni sawa na kumlipa landilodi, naye hawezi kugeuka kesho akadai hukulipa. Njia nyingine iko katika kifungu cha 94, ambapo mkopeshaji anashika usimamizi wa nyumba kwa kuwapa wapangaji notisi rasmi kwamba kodi iliyokuwa ya landilodi sasa ilipwe kwake.

Ukishapata notisi halali ya namna hii, kuendelea kumlipa landilodi kwa sababu "ni mtu wetu, tumemzoea" kunaweza kukufanya ulipe mara mbili. Mpokezi ana uwezo wa kudai kodi kisheria, hata kwa kukamata mali ya mpangaji aliye nyuma ya kodi.

Sasa yule bwana mwenye mkoba. Je, yeye ni mpokezi? Labda. Labda pia ni tapeli aliyeona karatasi langoni kama wewe ulivyoiona, maana karatasi ya mnada ni tangazo hata kwa wezi. Mwombe vitu vitatu bila kuona haya. Kwanza, barua ya uteuzi yenye jina la mkopeshaji na sahihi, ikitaja ploti yenu. Pili, kitambulisho chake. Tatu, akaunti ya kulipia, na akaunti hiyo isiwe namba ya simu ya mtu binafsi. Kisha nendeni wawili au watatu hadi tawi la benki iliyotajwa, mkiwa na picha ya notisi, muulize dirishani kama barua hiyo ni yao. Usipige namba ya simu aliyoiandika yeye kwenye barua, kwa sababu atakayepokea ni mwenzake. Mtu wa kweli hatakasirika kwa kuchunguzwa. Atakayesema "lipa leo au utatupwa nje kesho", huyo mwache aende.

Na landilodi naye akipiga simu Jumatano kudai kodi hiyo hiyo? Hapo mpangaji anavutwa pande mbili, na kila upande unamwambia mwingine ni mwongo. Usichague kwa kubahatisha. Waandikieni wote wawili, landilodi na anayedai kuwa mpokezi, barua fupi: tuko tayari kulipa kodi ya mwezi huu, lakini tumedaiwa na watu wawili, tunaomba kila mmoja atuonyeshe hati yake. Wakati mnangoja, kodi itengwe, isiliwe. Hili nalisisitiza kwa sababu ndipo watu hushindwa: fedha ikikaa mfukoni wiki tatu inageuka karo ya shule, halafu mwenye haki anapojulikana hakuna kitu. Mgogoro ukiendelea, taratibu za mashauri ya madai zinamruhusu mtu anayedaiwa na wawili kitu kimoja kwenda mahakamani na kuomba mahakama iamue nani mwenye haki, huku fedha ikiwa chini ya ulinzi wa mahakama. Chumba kimoja cha shilingi 7,500 hakiwezi kubeba gharama hizo. Vyumba 18 vikiwa pamoja vinaweza.

Jambo jingine linalojirudia: landilodi aliyebanwa anakuja kwa upole na kusema, "Mama, nilipe miezi sita mapema, nitakupunguzia elfu moja kila mwezi." Inaonekana bahati. Lakini kama anajua nyumba inakwenda, anachukua kodi ya miezi ambayo huenda haitakuwa yake, na mpokezi au mnunuzi atakayekuja anaweza kukataa kuitambua. Katika kipindi hiki, mwezi kwa mwezi unatosha.

[Muziki mfupi]

NYUMBA IKIUZWA

Tuseme nyundo imegongwa na mnunuzi amepatikana. Je, wapangaji waliomo ndani ni nani mbele yake?

Inategemea umepanga vipi. Wengi wetu tunapanga mwezi kwa mwezi, mara nyingi bila mkataba wa maandishi. Sheria ya Usajili wa Ardhi ya 2012, katika kifungu cha 28, inautambua upangaji wa namna hii miongoni mwa haki zinazoifuata ardhi hata kama hazikuandikwa kwenye rejista. Na Sheria ya Ardhi, inapoweka masharti ya rehani, humkataza mkopaji kupangisha kwa zaidi ya mwaka mmoja bila kibali cha maandishi cha mkopeshaji. Maana yake ni kwamba kumpangisha mtu mwezi kwa mwezi hakujavunja sharti hilo. Wewe si mvamizi katika nyumba hiyo.

Lakini tusidanganyane: haki hiyo ni fupi. Upangaji wa mwezi kwa mwezi unaweza kukatishwa na upande wowote kwa notisi isiyopungua kipindi cha kodi, yaani mwezi mmoja, inayoishia siku ya kulipa kodi. Mnunuzi akitaka nyumba tupu atakupa notisi hiyo, nawe utatafuta pengine. Kile asichoweza kufanya ni kuja na vijana Jumapili asubuhi kung'oa milango na mabati au kutupa magodoro nje. Notisi ikipita nawe hujatoka, njia yake ni kwenda mahakamani au kwenye baraza linalohusika kuomba amri. Na uzoefu unaonyesha wanunuzi wengi wa ploti za vyumba hawataki nyumba tupu hata kidogo. Wamenunua kwa ajili ya kodi. Mpangaji mwenye risiti zake zote, anayejitambulisha kwa barua siku za mwanzo, mara nyingi hubaki.

Aliye na mkataba wa maandishi wa zaidi ya mwaka, hasa mwenye duka, saluni au hoteli chini ya ghorofa, ana swali tofauti: benki iliukubali mkataba huo kwa maandishi? Nyumba inapouzwa na mkopeshaji, mnunuzi huipata ikiwa huru na mizigo iliyo chini ya rehani hiyo, isipokuwa upangaji ambao mkopeshaji aliukubali kwa maandishi. Kwa hiyo ukiwa unataka kusaini mkataba wa miaka mitano na kuweka fedha nyingi katika kukarabati duka, muulize landilodi mapema kama ardhi ina rehani. Utafutaji rasmi kwenye rejista ya ardhi utaonyesha. Ikiwa ipo, omba barua ya kibali cha benki kabla hujanunua rangi na vigae.

Wapo wenye ulinzi wa ziada. Nyumba za kuishi za kodi ndogo sana, ambayo sheria ya zamani inaiweka isizidi shilingi 2,500 kwa mwezi, ziko chini ya Rent Restriction Tribunal, baraza linaloamua mashauri ya kodi za nyumba. Wenye biashara ambao hawana mkataba wa maandishi, au wenye mkataba usiozidi miaka mitano, kwa kawaida wanalindwa na Business Premises Rent Tribunal. Mwenye jengo akitaka kuwatoa hao ni lazima atoe notisi rasmi ya miezi isiyopungua miwili, na mpangaji anayepinga anaweza kulipeleka jambo mbele ya baraza kabla notisi haijaanza kufanya kazi. Kubadilika kwa mwenye jengo hakufuti ulinzi huo.

DIPOZITI, MAGODORO NA MASWALI MENGINE

Dipoziti ni kidonda. Kenya haina chombo cha kisheria kinachotunza dipoziti za wapangaji. Fedha yako iko mfukoni mwa landilodi, na mara nyingi imeshatumika. Mkataba uliufanya naye, kwa hiyo yeye ndiye unayemdai, hata baada ya nyumba kuondoka mikononi mwake. Mnunuzi wa mnadani kwa kawaida hajapokea dipoziti zenu na atasema hivyo. Muulize kwa maandishi mapema kama anazitambua, usisubiri siku ya kuhama.

Je, ni sahihi "kukaa mpaka dipoziti iishe"? Ukikubaliana na landilodi kwa maandishi, hata ujumbe wa simu, na hakuna mpokezi aliyeteuliwa, unaweza. Ukijiamulia peke yako unageuka kuwa mdaiwa wa kodi, na mdaiwa wa kodi anaweza kukamatiwa vyombo. Ile familia ya tatu katika mfano wetu ilidhani inajilinda. Kumbe imempa mpokezi sababu ya kubisha mlangoni kwake.

Madai ya dipoziti yanafaa kupelekwa kwenye Mahakama ya Madai Madogo, iliyoundwa kwa sheria ya 2016. Inasikiliza madai yasiyozidi shilingi 1,000,000, sheria inaitaka iamue ndani ya siku 60, na unaweza kusimama mwenyewe bila wakili. Utahitaji risiti, au ujumbe wa M-Pesa unaoonyesha siku uliyolipa dipoziti. Kama ulilipa taslimu na hukupewa risiti, mwandikie landilodi ujumbe sasa, wakati bado mnaongea: "Nakukumbusha dipoziti yangu ni shilingi 7,500 niliyokupa nilipoingia." Akijibu "sawa", umepata ushahidi.

Vyombo vyako vya ndani, je? Deni la benki ni la landilodi. Dalali aliyetumwa kuuza nyumba kwa sababu ya rehani hana ruhusa ya kubeba televisheni yako, cherehani yako wala mtungi wako wa gesi. Akija, mwombe leseni yake ya Auctioneers Licensing Board na barua ya maagizo. Barua itasema ametumwa kuuza nini.

Vipi kama aliyekopesha si benki bali shailoki wa mtaani, aliyepewa hatimiliki akaifungia kabatini? Hili ni la kawaida. Sheria inasema wazi kwamba aliyeshika hati kwa rehani isiyo rasmi hawezi kuishika ardhi wala kuiuza bila amri ya mahakama. Akija kuwaambia "nyumba hii ni yangu sasa", muulizeni amri iko wapi. Kama hana, kodi inaendelea kwenda kwa yule yule.

Na kama hamkupewa nakala ya notisi, mkapata habari siku ya tangazo la gazeti? Semeni mapema. Kifungu cha 103 kinamtaja mpangaji wa mkopaji miongoni mwa watu wanaoweza kuomba mahakama itoe nafuu dhidi ya hatua za mkopeshaji. Lakini baada ya mnada mambo ni magumu, kwa sababu sheria inamlinda mnunuzi asiyejua kasoro zilizopita, na aliyeumia hubaki kudai fidia kwa aliyeuza. Ninyi wapangaji huenda hamna nguvu ya kuzuia deni la mwingine lisilipwe, na si vizuri mtu akachanga fedha za wakili akidhani ataiokoa nyumba ya landilodi. Mnachoweza kuomba kwa busara ni muda, na utaratibu ulio wazi wa kodi na dipoziti.

Tumeulizwa pia kama mkimbizi ana haki hizi. Vifungu tulivyotaja vinasema "mpangaji", havisemi mpangaji raia. Na Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2016 inawataja wakimbizi miongoni mwa wanaoweza kuomba msaada wa kisheria wa serikali. Kituo cha Sheria na Refugee Consortium of Kenya wamekuwa wakiwasaidia wakimbizi mijini kwa miaka mingi. Nenda na picha ya notisi, risiti zako na kitambulisho chako. Ukienda na simulizi tupu utarudishwa nyumbani kutafuta karatasi.

Kwa mnaotusikiliza mkiwa Kampala: sheria yenu inafanana na hii kwa umbo, lakini siku ni tofauti, msizichanganye. Sheria ya Rehani ya Uganda ya 2009 inampa mkopaji siku 45 za kazi kurekebisha kosa, kisha notisi ya kuuza ni siku 21 za kazi. Ni muda mfupi, kwa hiyo siku ya kuiona karatasi ndiyo siku ya kutafuta ushauri.

Turudi kwenye ploti yetu. Tuseme Jumamosi ile ile wapangaji wangekaa kwenye ngazi dakika 30. Mmoja anapiga picha ya notisi na kuituma kwa wote. Wawili wanachaguliwa kwenda benki Jumatatu asubuhi, kabla ya bwana wa mkoba kufika. Mmoja anamwandikia landilodi ujumbe wa kuuliza, kwa heshima, dipoziti zao ziko wapi. Na kila nyumba inakusanya risiti zake, kuanzia ya siku ya kuingia, inazitia kwenye bahasha moja na kuandika juu namba ya chumba.

Kama notisi ya namna hii imebandikwa kwenu na kuna neno ndani yake hamkulielewa, tuleteeni picha yake kupitia aliyewapa nakala hii. Tutaisoma pamoja katika kipindi kijacho, bila kutaja jina la mtu wala la ploti.

[Muziki wa kufungia]